Drafti Yangu Isiyo na Kingi

Jamani, mie nimeaibika Tabata nzima. Mjomba Shabani aliwatangazia wenzake wa kijiweni kwamba mpwa wake anatengeneza gemu ya drafti kwenye kompyuta. Kila Jumapili wakawa wananiuliza, "Vipi, tayari?" Nami najibu, bado naing'arisha. Na kweli niliing'arisha! Mara nachora kete zifanane na vizibo vya soda, mara naongeza mlio wa kete inayopigwa ubaoni, mara nalifanya jina la mjomba limetamete.

Jana nikawaita. Mjomba akaja na kanzu ya Idi. Waliposikia ule mlio wakashangilia. Mjomba akala kete za kompyuta moja moja, hadi yake ikafika mstari wa mwisho. Wote wakapiga kelele: "Kingi!"

Kete ikaganda. Miezi yote ile sikuwa nimeifundisha kompyuta kingi ni nini! Nikaanza kusingizia umeme. Mjomba hakunisikiliza. Akatoa kizibo mfukoni, kile cha kupandishwa juu ya kete ikishakuwa kingi, akakibana kwa kidole kwenye kioo, juu ya kete yake iliyokwama, kisha akawageukia wenzake.

"Kingi huyu hapa." Halafu akanigeukia. "Haya mpwa wangu, cheza wewe zamu ya kompyuta."