Kiti cha Kuonekana

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, aliuza magodoro, na watu wote walimwita Lalakwanza. Hakuna godoro lililotoka dukani mwake kabla mnunuzi hajavua viatu na kulilalia chali, halafu ubavu, halafu kifudifudi. "Lala kwanza, baba. Bei tutaongea ukiamka." Na watu walilala kweli. Kuna bwana harusi mmoja aliingia pale asubuhi kutafuta godoro la sponji, akalijaribu. Alipozinduka, mkewe alikuwa amesimama mlangoni anamuuliza mtoto wa kwanza aitwe nani. Guneni tu, mimi naendelea.

Mwenyewe naye hakununua kitu bila kukijaribu. Sufuria aliigonga kwa kidole akaitegea sikio kama daktari. Mwavuli aliufungua palepale dukani na kumtaka muuzaji amwagie maji. Hata kaka yangu, kabla hajakubaliwa, alibebeshwa magodoro mawili kutoka ghalani mpaka dukani, jua la utosi, huku Lalakwanza amekaa kivulini anaangalia anavyohema. "Huyu anafaa," akasema. Kaka yangu alidhani anachumbia, kumbe anakaguliwa.

Mtoto wao wa mwisho alikuwa binti, tukamwita Kitinda. Huyo alianza kuimba kabla hajaota meno. Alipokuwa msichana mkubwa akapata nafasi katika kundi la waimbaji wa ule ukumbi mkubwa wa maonyesho, wenye ngazi pana mbele na milango mizito ambayo ukiisukuma unadhani kuna mtu anaisukuma kwa ndani. Walikuwa wanaandaa igizo la nyimbo, yaani lile ambalo watu badala ya kusalimiana wanaimbiana, wakigombana wanaimbiana, na mtu akifa anaimba kwanza ndipo anakata roho. Lilimhusu mfalme mmoja aliyekataa kuzeeka. Kitinda alikuwa miongoni mwa waombolezaji wa mfalme, na katikati ya maombolezo alitakiwa kusogea mbele aimbe ubeti mmoja peke yake. Ubeti mmoja tu, lakini wa peke yake.

Wiki ya mwisho ya mazoezi alitukuta dukani, mimi na mama yake, akakaa ukingoni mwa godoro kama mgonjwa anayengoja kuitwa.

"Mama, sauti inakwama."

"Inakwama wapi?"

"Hapa." Akajishika koo. "Nikifika kwenye ubeti wangu magoti yanacheza, mdomo unafunguka, hakitoki kitu. Mwongozaji amesema nikikwama siku ya kwanza mbele ya watu, ubeti anampa yule mwenzangu shingo ndefu."

"Shingo ndefu gani?"

"Mama! Shingo siyo hoja. Hoja ni kwamba nitakwama."

"Sasa mimi nifanyeje? Nipande huko juu nikuvute ulimi?"

Nikacheka, Kitinda hakucheka. Alimwangalia mama yake akasema polepole, "Njoo ukae mahali nitakapokuona. Nikiuona uso wako tu, sitatetemeka."

Lalakwanza aliendelea kufunga kamba kwenye godoro la mteja. Alilifunga, akalifungua, akalifunga tena. Hapo nikajua limemwingia.

Kesho yake tukaenda kukata tiketi. Mkata tiketi alikuwa kijana mwenye tai iliyombana, amekaa nyuma ya kioo chenye tundu. Akatuonyesha picha ya ukumbi, viti vimepakwa rangi: vyekundu vya katikati ndivyo ghali, vya buluu vya nyuma nafuu kidogo, vya kijani vya kwenye roshani huko juu ndivyo vya bei ya chini.

"Mnapenda vya wapi, mama zangu?"

"Hatujui bado," akasema Lalakwanza. "Fungua mlango tukavikalie."

"Mnasema?"

"Tukavikalie. Nani ananunua kiti kwa kutazama rangi?"

"Mama, hapa viti havijaribiwi. Unachagua kwenye picha."

"Mwanangu, umeoa?"

"Bado."

"Ukioa, umchague kwenye picha."

Foleni nyuma yetu ikaangua kicheko, kisha ikagawanyika. Bibi mmoja mwenye kikapu alisema mama ana haki, hata yeye mwaka jana aliuziwa kiti nyuma ya nguzo, akatazama nguzo kwa saa mbili na nusu, na nguzo haikuimba hata neno. Bwana mmoja mwenye haraka akasema tuondoke hapo mbele. Lalakwanza hakuondoka. Aliegemeza kiwiko kwenye kidirisha akaanza kumuuliza mkata tiketi analala kwenye godoro gani, na shingo inamuuma upande upi. Foleni ilirefuka mpaka ikatoka nje, ikavuka barabara, ikaingia kwenye benki, na watu wa benki wakadhani ni wateja wao. Mwisho msimamizi wa ukumbi alishuka mwenyewe, akatutazama, akatazama foleni, akasema, "Waingie na wafagiaji. Lakini haraka!"

Ndani ukumbi ulikuwa mkubwa mno. Ukipiga chafya mlangoni, mtu wa jukwaani anakuombea afya kesho yake. Wafagiaji walikuwa kwenye viti vya nyuma, na huko juu fundi wa taa alikuwa anajaribu taa zake, anaziwasha moja moja kuelekea jukwaani.

"Wewe panda," Lalakwanza akaniambia.

"Nipande wapi?"

"Jukwaani. Wewe ni Kitinda. Simama hapo katikati uniangalie."

"Na umri huu niwe Kitinda?"

"Panda, wifi, usinichoshe. Wote wanataka kiti cha kuona. Mimi nataka kiti cha kuonekana."

Nikapanda. Taa ikanipiga usoni, nikaona nyota za mchana. Lalakwanza akaenda moja kwa moja kwenye viti vyekundu vya katikati, vile vya wenye nazo, akakaa, akajitupatupa kupima sponji.

"Unaniona?"

"Nani anaongea?"

"Mimi!"

"Sioni mtu, wifi. Naona giza linaongea."

Akahamia vya buluu. Giza. Akapanda roshani kwa ngazi, akihema na kulaani aliyezijenga. Kutoka kule akapiga kelele, "Huku je?"

"Nakusikia kama redio ya jirani!"

Akashuka. Safu baada ya safu alisogea mbele, kila kiti anakaa, anaegemea, anauliza, nami najibu hapana, huku wafagiaji wameacha mifagio wanatutazama. Mmoja akasema huo ndio mchezo mzuri kuliko wote ulioonyeshwa pale. Ni mpaka Lalakwanza alipokaa safu ya kwanza kabisa, ambako mwanga wa jukwaa unamwagikia, ndipo nikauona uso wake wote, pamoja na pengo la jino.

"Hapo! Hapo hapo! Nakuona mpaka koo!"

Na ajabu yake, viti viwili vya pembeni vya safu hiyo, karibu na ngoma kubwa ya wapiga muziki, vilikuwa vinauzwa bei sawa na roshani. Mkata tiketi, muungwana, alituonya: jukwaa liko juu, ukikaa pale shingo inapinda, watu unawaona kuanzia magotini, na ngoma inakupiga moja kwa moja kwenye mbavu.

"Miguu ya mfalme ya nini?" akasema Lalakwanza. "Miguu ya mwanamume naiona bure nyumbani. Lete tiketi."

Tukarudi tunajisifu njia nzima. Tulikuwa tumeuliza kuhusu nguzo, kuhusu ngoma, kuhusu shingo, na hata kuhusu choo kiko upande gani. Kitu kimoja hatukuuliza, na hakuna aliyetuambia.

Jumamosi alasiri tukaingia na umati. Lalakwanza alikuwa amevaa gauni la rangi ya chungwa na kilemba cha rangi hiyohiyo, kirefu kiasi kwamba aliyekaa nyuma yetu, bwana mwenye miwani, aliguna kabla hata pazia halijafunguka. Taa za ukumbi zikazimwa. Pazia likafunguka, waimbaji wakatoka, na Kitinda akiwa kati ya wenzake alitupa jicho safu ya kwanza. Akamwona mama yake. Nikaona mabega yake yanashuka kama mtu aliyetua ndoo. Lalakwanza akanifinya paja mpaka nikatamani kuimba mimi.

Mambo yalikwenda vizuri. Mfalme alikataa kuzeeka, akagombana na vioo, akagombana na mkewe, akagombana na daktari, yote kwa nyimbo. Hatimaye akafa. Wakamlaza kwenye jeneza katikati ya jukwaa, waombolezaji wakatoka wamevaa nguo nyeusi, na hapo ndipo likatoka lile ambalo hatukuliuliza. Moshi.

Moshi mweupe, mzito, ulitoka chini ya jeneza kana kwamba mfalme anapikwa. Ulitambaa jukwaani, ukafika ukingoni, na kwa kuwa jukwaa liko juu na safu ya kwanza iko chini, ukamwagika wote juu yetu. Sikumwona wifi yangu. Sikuiona mikono yangu. Mtu mmoja wa upande wa pili alipapasa akanikabidhi kofia yake akidhani mimi ni mkewe.

"Wifi," nikasikia sauti. "Yuko wapi?"

"Nani?"

"Kitinda! Namsikia hasogei!"

Kweli, ngoma ilikuwa imenyamaza. Wapiga muziki wakarudia sauti ya kumkaribisha. Kimya. Wakarudia tena. Nilipopata tundu kwenye moshi nilimwona yule mtoto amesimama mbele ya wenzake, mdomo wazi, macho yanatafuta safu ya kwanza, na safu ya kwanza ni wingu tupu. Nyuma yake shingo ndefu amekwisha kuinua mguu.

"Nishike," akasema Lalakwanza.

"Nikushike wapi?"

"Popote!"

Akapanda juu ya kiti. Vile viti, kama mnavijua, ni vya kujikunja: ukiinuka, kikalio kinarudi chenyewe. Kilimbana mguu mpaka kwenye shavu la mguu, akatukana neno ambalo silitaji hapa. Nikajitupa, nikakikalia kikalio kwa upande, nikamkumbatia miguu yote miwili. "Simama!" nikamwambia. Akasimama.

Basi piga picha: chini wingu, juu ya wingu kilemba cha chungwa, na chini ya kilemba uso wenye pengo, unaelea bila mwili. Bwana mwenye miwani akaruka kitini. Sauti ya mtu kutoka roshani ikapasuka, "Roho ya mfalme hiyo!" Wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakapiga makofi. Mfalme mwenyewe kwenye jeneza akafungua jicho moja kuangalia roho yake inakwenda wapi.

Na Kitinda akamwona mama yake.

Akacheka. Mazikoni! Likamtoka cheko fupi puani, na nyuma ya hilo cheko ikatoka sauti yote, ile iliyokuwa imekwama, ikaupanda ubeti kutoka chini mpaka juu bila kuteleza. Sikuelewa maneno yote kwa sababu kisigino cha wifi kilikuwa kwenye sikio langu. Lakini mbavu zangu zilisikia. Vioo vya taa vilitetemeka, na naapa moshi wenyewe ulirudi nyuma kupisha.

Mlinzi wa ukumbi alitufikia ubeti ulipokwisha. "Mama, shuka. Tafadhali twende nje."

Nilijua Lalakwanza atamgombeza mpaka amtoe machozi. Wapi! Alishuka, akajifuta uso kwa ncha ya kilemba, akamshika mlinzi mkono kama wanatoka harusini, wakaondoka. Mimi nilibaki. Mfalme alikuwa bado na mambo ya kumalizia, na viti nilikuwa navyo viwili.

Igizo lilipokwisha nilimkuta kwenye benchi lililo mbele ya ukumbi, Kitinda amepiga magoti mbele yake, bado na ile nguo nyeusi ya msiba.

"Ubeti umebaki wangu," alikuwa anasema. "Mwongozaji amefoka kwanza, halafu akasema umebaki wangu."

"Sasa unalia nini?"

"Mama, kesho usije."

Lalakwanza akamtazama. "Nisije? Nimevunjika mguu kwa ajili yako, unaniambia nisije?"

"Hujavunjika, naona ni mchubuko tu. Mama, nisikilize. Onyesho ni la mwezi mzima. Nataka kujua kama naweza pasipo kukutafuta."

Watu walitupita wakishuka ngazi, wengine wananyoosha vidole: roho ya mfalme ile, roho ya mfalme. Lalakwanza aliwapungia mkono.

"Haya," akasema mwisho. "Sitakuja. Lakini shangazi yako atakuja, huyo huwezi kumzuia, hana aibu."

"Shangazi, utakaa wapi?"

"Gizani, mwanangu. Mahali ambapo hata mwenyewe sitajiona."

Jumapili nilikaa roshani, safu ya mwisho, mgongo ukutani. Nilipotoka nilikwenda moja kwa moja kwa kaka yangu. Lalakwanza alikuwa amekaa barazani, mguu umefungwa kitambaa, nyanya zinamngoja hazijakatwa. Nikamwambia kwamba ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaliana mapajani. Nikamwambia bwana mwenye miwani alirudi akitafuta roho ya mfalme amwombe radhi. Nikamwambia mfalme alilia ndani ya jeneza mpaka jeneza likavuja, wapiga muziki wakavua viatu.

"Na yeye?" akauliza.

"Moshi ulipotoka hakutafuta mtu. Alisogea mbele, akaimba."

"Magoti?"

"Yalitulia."

Akanishika mkono. "Wifi, hapo usiniongezee chumvi."

"Hapo sijaongeza."

"Rudia."

Nikarudia. Akachukua kisu, akavuta bakuli la nyanya, akakata moja, akasimamisha kisu.

"Tena," akasema, "na sasa polepole."