Kifaranga cha Mfuko wa Kulia

Bosi Arvind aliniajiri kwa sababu ya mdomo. Sijisifu, alisema mwenyewe. Nilikuwa nimetoka Masasi sina hata mwaka mjini, nauza karanga mbele ya duka lake la vitambaa Mtaa wa Kongo, siku hiyo nagombana na mgambo aliyetaka kumwaga sinia langu. Nilimpasha yule mgambo mpaka akaondoka zake kichwa chini. Bosi akatoka dukani anacheka. Akaniambia, "Binti, sauti hiyo unaipoteza kwenye karanga. Njoo uniitie wateja." Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita, na mdomo huo ndio umenisomeshea wanangu wawili.

Msije mkaniambia mabosi wote ni sawa. Huyu alikuwa mfupi, ana kitambi, ana magoti mabovu, na ukikunja kitenge vibaya anakufokea mpaka wapita njia wanasimama. Saa saba kamili anafungua hotipoti yake ya dengu na chapati. Nyama hali, samaki hali, yai hali. Lakini mama yangu alipofariki, alifunga duka nusu siku, Kariakoo, siku ya Jumamosi! Akaja mpaka Mbagala, akakaa kwenye mkeka na magoti yake yale, na kunyanyuka ikabidi tumshike watu wawili. Nilimpenda yule mzee, na anayetaka kucheka acheke.

Miaka miwili nyuma majambazi waliwavamia yeye na mkewe kwenye ngazi za ghorofa lao, Upanga. Walitaka funguo. Bosi akachelewa kidogo kuzitoa, basi wakampiga mkewe, Mama Jyotsna, kwa kipande cha nondo kichwani. Sikio lake la kushoto likafa kabisa. Tangu siku hiyo, ukitaka kuongea na Mama unakaa kuliani kwake. Bosi hiyo habari haikumtoka. Mara mia kaniambia, "Nilishika mboga, Ritha. Mke wangu anapigwa, mimi nimesimama na mfuko wa bamia." Akasema haitatokea tena, hata iweje.

Ndipo akaanza kuhangaikia kibali cha silaha. Serikali ya mtaa, kata, polisi, alama za vidole, nenda rudi, karibu mwaka mzima. Alipokipata, ikaja kazi ya kuchagua. Bastola ya kawaida ilikuwa kubwa, na kwa joto hili la Dar nani anavaa koti? Shati lake jepesi, kila kitu kinajichora. Akachukua bastola ya mfukoni, ndogo kuliko zote. Kisha akampelekea Shaibu, fundi cherehani wetu pale barazani, suruali zake nne. Alitaka mfuko wa kulia ushonwe upya kwa turubai, mrefu, umebana, ili hicho kitu kisicheze na umbo lake lisionekane.

Mimi nilikiona kwa bahati mbaya. Niliingia nyuma ya marobota saa ya chakula, nikamkuta kainama anasugua kitu kwa mswaki.

"Bosi, meno ya nani hayo?"

Aliruka! Kumbe vumbi la vitambaa linaingia mfukoni, linaganda kwenye bastola kama pamba, kila siku mbili lazima aisafishe. Akanionyesha. Simu yangu ilikuwa kubwa kuliko hiyo bastola. Nikamuuliza kama inafanya kazi kweli, akacheka kwa huzuni.

"Kubeba ni raha, kupiga ndiyo shughuli," akasema. "Triga ngumu, kidole kinauma. Kishikio hakinitoshi, kidole cha mwisho kinaning'inia. Kule kwenye mazoezi, hatua saba tu, risasi kumi na mbili, kwenye karatasi zimeingia mbili." Mwalimu wake alimweleza wazi kwamba kitu hicho ni cha mtu aliyekukaribia kifuani, tena asiyejua kama unacho. "Kwa hiyo, Ritha, faida yake ni moja tu, kisijulikane. Kikijulikana hakinisaidii, kitaniletea watu. Umesikia?"

Nikaapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yangu.

Siku nne. Siku nne tu, jamani!

Tulikuwa kwa Blandina, mama lishe wa uchochoro wa nyuma. Mchana, benchi limejaa, wasukuma mikokoteni, wapiga debe, na watu wengine siwajui hata kwa sura. Wakaanza kunitania kama kawaida yao. Mmoja akasema, "Dada Ritha, bosi wako anakula majani tu. Siku akikabwa atajitetea na nini, na bamia?"

Hakujua alichosema yule. Aliongea tu. Lakini mimi hiyo bamia ilinichoma rohoni, nikaona wanamcheka mzee wangu na mkewe na lile sikio.

"Thubutu!" nikasema. "Bosi wangu kuku hali, lakini mguu wa kuku anao."

Benchi zima likaangua kicheko. Mtaani bastola tunaiita mguu wa kuku, hata mtoto anajua. Blandina akaniangalia na upawa mkononi. "Muongo wewe! Na vile vishati, anauficha wapi?"

Mdomo ulishashika moto. "Mfuko wa kulia. Ila kenyewe kadogo hako, wala si mguu wa kuku. Ni kifaranga!"

Weee, walicheka mpaka mmoja akapaliwa na wali. Kuanzia siku hiyo nikipita tu naulizwa, "Ritha, kifaranga hajambo?" Na mimi najibu, "Hajambo, kalala." Nilifurahi. Siwezi kudanganya, nilifurahi sana. Kariakoo nzima hakuna aliyekuwa anaita bastola hivyo, neno nilitunga mimi, pale pale, na wali mdomoni.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi saa kumi jioni, Bosi na Mama walishuka kwenye bajaji mbele ya geti lao. Walikuja vijana wawili na pikipiki. Walimchoma Bosi kisu mara mbili, tumboni na chini ya mbavu. Alifia njiani kupelekwa hospitali. Mkoba hawakuugusa, simu hawakugusa, pete hawakugusa. Walichana mfuko wa kulia wa suruali kwa kisu kile kile, wakachukua bastola, wakaondoka. Haikutoka hata risasi moja.

Polisi walijiuliza swali jepesi: nani alijua habari za mfuko? Jumatatu asubuhi wakaja barazani, wakamnyanyua Shaibu kwenye cherehani yake, na futi bado iko shingoni. Mkewe akanijia analia. "Dada Ritha, wewe miaka yote unakaa naye, si uwaambie hayumo?" Unajua nilimjibu nini? "Mungu atasaidia." Mimi huyu, mwenye mdomo. Usiku nililala nikijiambia huenda kweli ni Shaibu, mafundi nao wanaongea. Nilijishikiza hapo hapo, kwa sababu pengine pa kushika sikuwa napo.

Jumanne nikaenda Upanga kwenye msiba. Mwili ulikuwa umeshachomwa jana yake kwa desturi yao. Sebuleni wametoa makochi, wametandika mashuka meupe, wanawake wamekaa chini wamevaa nyeupe. Nafasi ilikuwa finyu, nikapenya nikakaa karibu na Mama, bila kuangalia ni upande gani. Akanishika mkono. Akaanza kunieleza polepole, macho yake yako ukutani.

"Walimwambia, 'Mzee, lete kifaranga.' Mimi nikajua wamekosea watu. Nikawaambia, jamani sisi hatuli kuku, kwetu hakuna kuku. Ritha, nilibishana nao habari za kuku! Baba akatia mkono mfukoni. Mkono ukagoma kutoka. Ule mfuko ulibana, ngumi imekwama na kile kitu, anavuta, anavuta, na wao wanamwangalia."

Mwanamke mmoja akampa maji, hakunywa.

"Polisi nimewaambia hilo neno, hawakuliandika. Wanasema nimesikia vibaya kwa sababu ya sikio. Mimi nimesikia vizuri kabisa. Wewe unajua maneno ya mtaani, Ritha. Kifaranga ni nini?"

Neno langu. Limetoka kwenye benchi la Blandina likaenda mdomoni mwa muuaji bila kupungua hata herufi, na Shaibu yuko mahabusu kwa ajili yake. Ningeweza kusema sijui. Nani angebisha? Nilitamani kusema sijui kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote, Mungu anisamehe.

"Ni neno langu, Mama," nikasema, kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyewaambia watu."

Mama akakunja uso. "Nini? Umekaa upande mbaya. Zunguka huku."

Nikazunguka kwa magoti, nikipita katikati ya wanawake, wananipisha huku wananitazama. Nikakaa kuliani kwake. Akanigeuzia sikio.

"Sema kwa nguvu," akaniambia. "Sema kama unavyosema dukani."

Nikasema. Nilisema kwa sauti ile ile aliyoniajiria mumewe, nikaeleza kiapo, kwa Blandina, kifaranga, mfuko wa kulia, na Shaibu anayeshikiliwa bure kwa ajili ya mdomo wangu, na kila aliyekuwa sebuleni alisikia. Hakuna aliyenipigia kelele, na ningefurahi wangenipigia.

Mama hakulia. Aliutoa mkono wake kwenye mkono wangu, akaushika mwenyewe kwa mkono wa pili, kisha akaniuliza Shaibu ana watoto wangapi.

Nikamwambia watatu.