Hereni za Yeyo kwenye Kambi ya Macho

Kifaransa changu nilikianzia chuoni Arusha na kukikuzia dukani Karatu, kwa hiyo ni Kifaransa cha kuuza vitu. Nikitakiwa kuzungumza habari za mvua au za msiba, nababaika. Lakini niulize shanga, vikuku, vidani na hereni, nitakumiminia maneno mpaka uchoke. Kazi yangu ilikuwa kuchukua maneno ya Kiingereza ambayo bosi ameyaandika kwenye vikaratasi vya bidhaa na kuweka Kifaransa chini yake. Necklace, collier. Earrings, boucles d'oreilles. Nina mwandiko mzuri, na nilikuwa naujivunia.

Ndiyo maana madaktari wa macho kutoka Ufaransa walipokuja kufanya kambi upande wa Loliondo, mtu mmoja pale Karatu akawaambia kuna dada wa duka la vinyago anayejua lugha yao. Bosi alinipa ruhusa ya siku tatu. Tulisafiri kutwa nzima kupitia Ngorongoro, vumbi likatuingia mpaka kwenye meno, na jioni nikakabidhiwa fomu ya Kiingereza ya mambo ya kufanya kabla ya upasuaji, niitafsiri kwa Kifaransa. Nusu ya ukurasa ilihusu mapambo: mgonjwa avue hiki, avue na kile. Niliimaliza bila kufungua kamusi, nikajiona mtu wa maana sana.

Asubuhi wanawake saba wa Kimaasai walikaa kwenye mabenchi ya ukumbi wa kanisa, wote na mtoto wa jicho. Wa mwisho alikuwa mama mzee, mwembamba, ambaye mumewe alikuwa ameketi nje ukutani na fimbo yake. Nilimsalimu kwa Kimaa changu cha sokoni, nikimwita mama, "Takwenya, yeyo," akaitikia, "Iko," uso ameuelekeza upande ambao sikuwapo.

Shanga za shingoni alizivua upesi. Vikuku vilitoka kwa sabuni. Nilipogusa masikio, akanishika mkono.

"Hii hapana."

Hereni zake zilikuwa vipande virefu vya ngozi vilivyoshonewa shanga, rangi zimefifia, na vibati vidogo vikining'inia chini yake.

"Ni lazima, yeyo. Daktari atakufunika kichwa chote, zitamsumbua."

"Mzee yangu iko nje. Tangu ameoa mimi, hajaona hii masikio iko tupu. Hata siku moja. Mwanamke ameolewa, mume haoni hivyo. Ni kukosa heshima."

"Hataingia mpaka umezivaa. Nakuahidi."

"Wewe utaweka mwenyewe?"

"Nitaziweka mwenyewe."

Akazivua taratibu, akaniwekea kiganjani, kisha akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja.

Nami nikafanya kama ninavyofanya dukani. Nilichukua bahasha tatu kubwa nikaziandika: Colliers. Bracelets. Boucles d'oreilles. Vitu vya wanawake wote saba nikavigawa humo kwa aina, shanga na shanga, vikuku na vikuku, hereni na hereni. Naona aibu kusema hili, lakini nilisimama kidogo nikaridhika na jinsi vilivyokaa vizuri.

Kesho yake walikuwa wamekaa kwenye magodoro yao, kila mmoja jicho moja limefungwa bandeji na la pili bado lina ukungu. Muuguzi Mfaransa, mtu mpole, alifungua bahasha ya hereni akazimimina zote kwenye sinia. Akainua jozi moja na kuniuliza, "À qui?" Za nani?

Dukani hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Watalii huuliza bei, huuliza ni za zamani au mpya, huuliza kama shanga zinachuja rangi. Niliitazama sinia ile, nyekundu, nyeupe, bluu, nikaziona zote ni ndugu. Mimi niliyezisifia kwa lugha tatu kwa miaka yote hiyo nilishindwa kutofautisha hata jozi mbili. Nilitamani ardhi inimeze.

Na mzee alikuwa tayari mlangoni. Gari la kuwarudisha lilikuwa linapiga honi, naye alitaka kumwona mkewe. Muuguzi akaenda kumfungulia. Nilimwahi, nikauegemea mlango kwa mgongo.

"Bado," nikamwambia kwa Kifaransa.

"Kwa nini?"

Maneno ya kuieleza ndoa ile sikuwa nayo. Nilisema tu: mume wake, hereni, bado, tafadhali. Alinitazama, akaitazama sinia, akarudi nyuma.

Nikapiga magoti mbele ya yule mama. "Yeyo, nimezichanganya. Za watu wote ziko pamoja. Sijui zako ni zipi."

Nilingoja anigombeze. Ningefurahi kama angenigombeza.

"Lete," akasema.

Nilimwekea sinia mapajani. Vidole vyake vikapita juu ya shanga, vikaokota, vikaacha, vikaokota tena. "Hii ya huyu," akasema, akimnyooshea jirani yake jozi moja. "Mimi alishona." Wenzake nao wakasogea kwa kupapasa, mikono ikajaa kwenye sinia, wawili wakabishana kidogo kisha wakaelewana. Za yeyo zilikuwa chini kabisa. Aliupapasa upande wa nyuma wa ngozi mpaka akapata kiraka alichokitia mwenyewe baada ya mtoto wake wa kwanza kuivuta ikakatika. Nilitaka kumsaidia kuzivaa, maana ndiyo ahadi yangu, akanisukuma mkono. Akazivaa, akajishika masikio yote mawili, akanyoosha mgongo.

"Sasa," akasema.

Nikafungua mlango. Mzee aliingia, akamtazama masikio kwanza, nilimwona, ndipo akakaa. Daktari akaja akamfungua bandeji. Yeyo alipepesa, machozi yakamtoka, akamwangalia mume wake muda mrefu, kisha akasema kitu kwa Kimaa na wanawake wote wakacheka.

"Anamwambia, umezeeka," jirani yake akanieleza.

Mzee hakucheka. Alimjibu neno moja fupi. Hilo jirani hakunitafsiria, nami sikumwuliza.

Sasa nipo Karatu na kazi ni ile ile. Mama yeyote akileta kitu cha kuuza, namwuliza jina na kuliandika nyuma ya kikaratasi. Bosi ananitania kwamba hakuna mteja anayesoma nyuma. Kwenye kabati la kioo kuna hereni za ngozi zilizokuwapo kabla ya safari ile, za zamani, na kikaratasi chake ni mwandiko wangu: Earrings, boucles d'oreilles. Nilimwuliza bosi alizinunua kwa nani.

"Kwa mama mmoja, mnadani," akasema, na hakukumbuka zaidi.

Juzi nilizitoa, nikafumba macho, nikazipapasa upande wa nyuma. Kuna fundo la uzi karibu na tundu la juu, gumu, la mtu aliyetaka lisifumuke. Nilikigeuza kikaratasi, nikakaa na kalamu mkononi mpaka wateja wakaingia. Nyuma yake bado ni peupe.