Saba Kuukuu kwa Jina Jipya

Mimi hununua alizeti Shelui na kuuza mjini, na kitu nisichopima mara mbili sikikubali. Kwa ujanja huo wa sokoni nikajitwika kwaya yetu ya Unyambwa. Siku ya kuimba mbele ya wageni wa Kilimatinde, kamati ingeamua kama niwe mwalimu au nirudi kuimba besi.

Wimbo ulitungwa na Mzee Msengi, mwalimu aliyestaafu. Mahali fulani besi wanashika noti ya la iliyoshushwa, soprano fa iliyopandishwa.

"Hiyo ni sita iliyopanuliwa, mwanangu," alinieleza. "Zinasukumana. Besi washuke, soprano wapande, wote watue kwenye so."

"Mzee wangu, unaniuzia saba kuukuu, sauti zile za kila wimbo, kwa jina jipya," nikambeza. Nilibonyeza kinanda, nikabonyeza tena: vitufe vilevile vya saba! Nikawaandikia waimbaji watue kama kwenye saba ya kawaida, soprano wakashuka, besi wakaruka. Mpiga kinanda, anayenyamaza hapo hadi ubeti wa pili, hakuwepo mazoezini; karatasi yake sikuigusa.

Jumapili tukatua vizuri, nikawageukia wageni na tabasamu la mshindi. Kumbe nimeihamisha kwaya nzima nusu sauti juu! Waimbaji walikuwa bado wameishikilia sauti hiyo mpya pale kinanda kilipoanza ubeti wa pili kwenye do ya zamani. Ukumbi ukalia kama bati linaloburutwa. Wageni wakainamia viatu vyao.

Mama Esta, mwimbishaji wetu, akanikodolea macho. "Mwalimu, niingie na hawa au na kinanda?"

Mzee Msengi akajibu kutoka benchi la mbele:

"Na kinanda, mama. Nyie wa besi, sogeeni, mwenzenu anarudi."