Nani Alichora Majitu

Wifi yangu ni mtu mgumu, na nasema hivi huku nampenda. Kwanza hana umbea hata chembe. Mimi nina saluni, jioni narudi nyumbani na habari za mtaa mzima kichwani, naanza kummwagia, naye ananitazama juu ya miwani yake: "Alikuwepo huyo aliyekwambia?" Jamani! Umbea ukishaanza kudaiwa mashahidi si umbea tena, ni kesi mahakamani.

Kazi yake ni kukata lenzi. Nyuma ya duka la miwani kuna chumba kisicho na dirisha, mashine ya kusagia inalia na kutiririsha maji, na yeye kakaa pale na aproni yake ya mpira. Anapokea lenzi ya duara, anaichonga mpaka ifuate fremu, anaitia, anaitikisa. Ikicheza kidogo tu anaitoa na kuanza upya. Wateja hawamjui, wanamjua yule dada wa mbele mwenye meno mazuri.

Tunaishi nyumba moja: mimi, mume wangu ambaye ni kaka yake, yeye wifi, na mama mkwe. Kulikuwa na wa tano, shemeji yangu, kitindamimba wa nyumba hii. Alikuwa mchoraji. Yeye na rafiki yake walikodi chumba juu ya duka la matairi wakatengeneza gemu. Mimi nilidhani gemu ni watu kurushiana ngumi basi. Kumbe hili ni la kuigiza mhusika: unakuwa binti mmoja mpiga ramani, unatembea mji hadi mji, unaongea na watu, unapambana na majitu, na unavyoamua ndivyo hadithi inavyogeuka. Rafiki aliandika programu na kuhangaika na wafadhili. Shemeji alichora kila kitu, miji, nyuso, majitu yote. Alichorea hapahapa mezani huku anatuchungulia. Lile jitu nene la sokoni, linaloshika kiuno na kugombana na kila mnunuzi, ni mimi. Siku aliponionyesha nilimkimbiza na mwiko mpaka barabarani.

Figo zilimwondoa gemu likiwa halijatoka. Lilipotoka, likavuma kuliko walivyoota. Yule rafiki, sasa anaitwa mkurugenzi, akahojiwa na gazeti kubwa, akasema bila kumeza mate kwamba michoro yote aliichora yeye mwenyewe. Mume wangu alilichana lile gazeti vipandevipande. Mama tulimficha. Yeye alijua dunia nzima inamsifu mwanawe, na sisi tukamwacha ajue hivyo.

Ndipo wifi akaingia kwenye ile kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuandika. Makala ya gemu ilikuwa mistari miwili, tena yenye makosa. Akajiita Kibanio, akaanza. Akirudi kazini anaoga, anakula, anafungua kompyuta. Kulikuwa na wenzake wa kujitolea, watu wasioonana kamwe: mmoja akijiita Mwalimu, nadhani ni mstaafu kweli maana alikuwa mpole na mrefu wa maneno, mwingine Panzi, mkali huyo, kazi yake kupitia makala na kusema zipi zimefikia kupewa nyota, yaani zimekuwa makala bora. Huyu alileta habari za hadithi ya gemu, yule akanyoosha sentensi, wifi akaandika sehemu ya michoro. Kila jitu alilieleza kwa kufuata yale yaliyoandikwa na magazeti ya gemu. Niliisoma nikalia. Jina la mchoraji halikuwemo.

"Andika basi jina la mdogo wako," nikamwambia. "Unangoja nini?"

"Siwezi. Kila sentensi lazima iwe na chanzo. Kitu kilichochapishwa na mtu mwingine, si mimi."

"Mbona karatasi zake za michoro zipo kabatini?"

"Za kabatini si chanzo, wifi. Na mimi ni dada yake. Kwa kanuni zetu sikutakiwa hata kuigusa hii makala. Hawajui."

Nikamwambia hizo kanuni ni za wendawazimu. Akaniambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Kuna mtu aliwahi kuandika kwenye makala nyingine kwamba muziki wa gemu fulani uliandikwa na baba yake. Wifi akafuta. Yule mtu akamwandikia, akamwomba, akasema baba yake ni mgonjwa, angependa kuliona jina lake. Wifi akamjibu: lete chanzo. Hakurudi tena.

"Labda alikuwa anasema kweli," wifi alisema.

Sasa Panzi akaipitia makala, akaandika kwenye ukurasa wa majadiliano, tena mbele ya wote: mbona sehemu ya michoro haimtaji mchoraji, wakati gazeti kubwa limemtaja? Mnaficha nini? Sehemu hii inanuka upendeleo. Imtaje mchoraji kwa chanzo, au sehemu nzima iondolewe.

Nzima! Yaani kila jitu, kila mji, kila uso aliouchora yule mtoto, ufutwe kwa sababu dada yake alikataa kuandika uongo. Wifi yeye alikaa kama aliyemwagiwa maji. Kesho yake akaomba ruhusa kazini, akavaa gauni lake la heshima, akaniambia, "Nisindikize, lakini usifungue mdomo." Nikasema sawa. Wote wawili tulijua ni ahadi hewa.

Ofisi ya mkurugenzi ina zulia, na ukutani kuna picha kubwa za gemu. Nikajiona pale, nimeshika kiuno, nimekuzwa ukubwa wa mlango. Nilitamani kucheka na kutapika kwa pamoja.

"Dada! Karibuni, karibuni," alisema, akainuka mwenyewe kutuvutia viti. "Mama hajambo?" Huyu kijana alikula kwetu miaka, msishangae nikimwita kijana. Mama alimfulia mashati.

"Hajambo," wifi alisema. "Sikuja kuomba kitu kikubwa. Mwite mwandishi yeyote wa gazeti, umwambie michoro ilikuwa ya mdogo wangu. Sentensi moja tu inanitosha."

Aliangalia mikono yake. "Dada, nikisema leo wataniuliza kwa nini nilisema vile mwanzo. Wafadhili wameweka imani kwenye jina langu. Nina wafanyakazi hapa, wana watoto. Mimi nilimpenda yule. Hakuna siku nisiyomkumbuka."

"Basi mkumbuke kwa sauti."

"Siwezi, dada. Nisamehe."

Hapo ahadi yangu ikaisha. Nilimpa ukweli wake mpaka binti wa mapokezi akachungulia mlangoni. Nilimwuliza kama usingizi anaupata, kama chakula kinapita kooni, kama picha ile ukutani haimzomei. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa analia, tena kweli, na bado hakubadilika. Wifi akanishika mkono akanitoa.

Njia nzima tulipigana kwa maneno. Nikamwambia aandike jina, liwake litakalowaka. Akasema litafutwa baada ya saa, na atakayelifuta atakuwa na haki. Nikamwambia basi aache sehemu ifutwe, kuliko kumtukuza mwizi. Akasimama katikati ya njia.

"Ikifutwa, wifi, hakuna mahali pengine popote palipoelezwa kazi yake yote. Kila mstari aliochora umo mle. Nikiiacha ife kwa sababu ya jina, nimebaki na nini?"

"Umebaki na ukweli."

"Ukweli upo kabatini, hausomwi na mtu."

Jioni ile aliandika. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake na bakuli la kunde mkononi. Aliandika: Kwa mujibu wa mkurugenzi wa kampuni, michoro yote aliichora mwenyewe. Akanieleza kwamba hilo si uongo, maana ni kweli mkurugenzi alisema hivyo. Atakayesoma kwa makini atajiuliza kwa nini pamewekwa "kwa mujibu wa". Huo ndio mlango mdogo aliouacha wazi, na alinionyesha kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

Haukukaa hata siku mbili. Mwalimu, yule mpole, mwenye nia njema kuliko wote, alipita akausafisha. Akaandika kwenye majadiliano: "Ndugu Kibanio, nimeondoa 'kwa mujibu wa'. Hakuna anayepinga jambo hili, na maneno hayo yanamfanya msomaji amshuku mtu bure. Nadhani utakubaliana nami." Sentensi ikabaki: Michoro yote ilichorwa na mkurugenzi wa kampuni.

Wifi alikaa mbele ya kompyuta mikono mapajani. Angepinga kwa kusema nini? Kwamba yeye ndiye anayepinga? Wangemwuliza wewe nani. Mwishowe akaandika, "Nakubali, Mwalimu. Asante." Panzi akaipitisha. Wakapongezana wote pale, na Mwalimu akaandika kwamba bila Kibanio makala hii isingekuwepo. Mimi niliingia chumbani nikajifungia, maana ningemtukana mzee wa watu ambaye hajanikosea.

Nyota ile ina jambo lake: makala ikiipata, siku moja inawekwa ukurasa wa mbele wa kamusi nzima. Sisi hatukujua ni lini. Aliyejua ni fundi simu wa jirani, akapita nyumbani akamwambia mama mkwe, "Mama, gemu la marehemu leo liko mbele dunia nzima!"

Tuliporudi tulimkuta sebuleni kajifunga kitambaa kipya kichwani, kanyooka kama anayengoja wageni. "Wewe ndiye mwenye macho," akamwambia binti yake. "Nisomee yote, usinifupishie."

Wifi akafungua simu, akasoma. Mama hakuelewa mambo ya mauzo, akavumilia. Ilipofika kwenye majitu akasogea mbele. Wifi akasoma habari za bibi kizee wa kisimani, anayeburuta mguu wa kushoto na kumtania kila apitaye kabla ya kumpa maji. Mama akapiga makofi. "Huyo si mimi? Mtoto mjinga yule! Huyo ni mimi kabisa!" Akacheka mpaka akafuta macho.

Nilijua kinachofuata. Nikamkonyeza wifi: ruka. Aliniona. Nusu ya dunia ingeruka, mimi wa kwanza. Yeye akasoma, kwa sauti ileile.

Mama akaacha kucheka. "Rudia hapo."

Akarudia.

Mama akavuta khanga yake magotini. Hakupiga kelele, nami nilitamani apige. "Aliyeandika hivyo," akasema hatimaye, "hakumjua mwanangu. Angemjua asingeandika. Tumsamehe tu."

"Alimjua, mama," wifi akasema.

"Alimjua?"

"Alimjua sana."

"Basi huyo Mungu atamwuliza."

"Ndiyo, mama," wifi akasema.

Nilifungua mdomo niseme. Akanikata jicho moja, nikanyamaza, naye akainamia simu akaendelea kusoma mpaka mwisho.