Sauti ya Mwalimu Saidi Iliyobaki Kooni Mwangu

Niliondoka Ngara kwa sababu ya barua. Hamisi, rafiki yangu wa Nyabusozi, aliandika: "Mwalimu Saidi ana rovu shingoni, sauti imekwisha, anatufundisha kwa vidole. Maulidi yamekaribia na hakuna anayeweza kuzitoa zile sauti za kooni za Kiarabu. Wewe ulikuwa unamwigiza. Njoo."

Kumwigiza ndiko kulikoniponza. Tulipoishi kule, katika kijiji cha ujamaa, mimi Mkatoliki nilikuwa nakaa nje ya dirisha la madrasa nikisikiliza, kisha nikifika kwenye foleni ya bomba naigiza mpaka kina mama wanaangusha ndoo. Siku moja nikaona hawacheki. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilikimbia. Wiki hiyohiyo baba akahamishiwa Ngara, nikaondoka bila kuomba radhi.

Alfajiri ya Jumamosi nilipanda lori la mahindi, maana mabasi yalikuwa yamechukuliwa kupeleka askari vitani. Porini nilipigana na mbung'o mwanzo mpaka mwisho. Dereva akaniuliza naenda kufanya nini.

"Kuchapwa," nikamjibu.

"Safari yote hii? Ngara hakuna fimbo?"

Mchana tukaingia Biharamulo. Boma la Mjerumani lilikuwa palepale, linautazama mji kama mwenye duka aliyeishiwa sukari. Hamisi alinipakia kwenye baiskeli ya baba yake hadi Nyabusozi. Dirisha la madrasa bado lilikuwa na pazia lake la gunia. Nilidhani wamelishusha, kumbe nimerefuka mimi.

"Shikamoo, Mwalimu."

Akafungua mdomo, ikatoka hewa tupu. Kisha akainua fimbo.

"Anasema ukae," Hamisi akatafsiri.

"Na fimbo?"

"Ya kutembelea. Usijipe umuhimu."

Nikaomba radhi, kwa mara ya kwanza maishani bila utani. Mwalimu akagonga koo lake mara mbili, akaninyooshea kidole. Nikajaribu. Kwa woga ilitoka kama mbuzi anayekabwa, watoto wakacheka. Yeye hakucheka. Akaashiria: tena.

Nikafumba macho, nikarudi zamani, pale nje dirishani. Alikuwa akisema koo ni nyumba ya vyumba vitatu. Chumba cha chini hutoka h ya "hapa". Cha juu, karibu na kimio, hutoka kh ya "kheri" na gh ya "ghali". Cha katikati sisi huku hatukitumii, kimejaa utando wa buibui. Ili kukifungua, vuta shina la ulimi nyuma, bana koo, pitisha pumzi kama unayetia ukungu kwenye kioo. Hiyo ni sauti ya kwanza. Bana vilevile lakini koo likinguruma, unapata ya pili. Midomo na meno havina kazi hapo.

Nikavuta, nikabana. Ikatoka sauti yake yeye, pamoja na kile kikohozi kidogo alichokuwa akimalizia.

Mwalimu akajikokota mpaka kwangu, akaniwekea vidole viwili kooni, na viwili vya mkono wa pili akaviweka kooni kwake. Nikarudia. Akashika tu, kama mtu anayepapasa mlango wa nyumba aliyohama. Nikarudia mpaka nikawashwa koo, na vidole vyake havikuondoka.

Jumapili kutwa nilifundisha. Niliwaambia watoto, "Maneno ni yenu, mimi nashughulika na koo tu." Aliyepata wa kwanza ni Zuhura, binti wa miaka tisa asiye na meno ya mbele. Mwalimu alipomsikia alikaa chini, akafuta uso kwa kanzu.

Jumatatu asubuhi, nikirudi Ngara, tulipita karibu na bomba. Kwenye foleni Zuhura alikuwa anamwigiza mtu: anatembea kama korongo, anafumba macho, anabana koo. Nikajitambua. Kina mama walikuwa hoi kwa kicheko. Lakini zile sauti alizitoa sawasawa, zote mbili, na kikohozi juu yake.

Hamisi akataka kusimamisha baiskeli amkemee. Nikamwambia, endesha. Kumcheka mtu vizuri kunataka umsikilize kwanza, na mimi sikutaka kumtokea yule mtoto kwa nyuma.