Nilivyodai extra duty ya maktaba nikaambiwa baada ya saa tisa na nusu mimi ni msomaji tu

Wakuu, heshima zenu. Na nyie mnaosoma kimya kimya bila ku-login, nawaona.

Hiki ninachoandika kimenikuta mimi mwenyewe, si rafiki wa rafiki. Majina nimebadilisha na maktaba siitaji, maana ugali wangu bado unatoka hapo hapo. Mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Iko hivi.

Mimi ni mkutubi msaidizi kwenye maktaba ndogo ya umma hapa Tunduma. Tuko watumishi wawili tu, mimi na mkuu wa maktaba, ambaye nitamwita Mama Nzunda. Mama mtu mzima, mpole, wa kanisani, na ana shamba la kahawa huko Itaka ambalo nadhani analipenda kuliko kitabu chochote kilichomo kwenye rafu zetu.

Saa za kazi za serikali mnazijua. Saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Hapo unafunga, unaenda zako.

Sasa ikaja barua kutoka ofisi ya juu, Vwawa. Wasomaji wameongezeka, kwa hiyo maktaba iwe inafungwa saa moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Mwishoni kuna mstari mmoja: malipo ya saa za ziada YATAZINGATIWA kwa mujibu wa taratibu.

Wakuu, mimi nilifurahi. Nilisoma "yatazingatiwa" nikaelewa "yatalipwa". Kiswahili nimesoma hadi chuo, lakini Kiswahili cha barua za ofisi ni lugha nyingine kabisa.

Mama Nzunda akanigawia zamu. Zamu yenyewe: jioni zote ni zangu.

"Wewe bado kijana, Simkoko," akaniambia. "Mimi miguu inavimba."

Sikubisha.

Hapa niwaeleze kitu kimoja ili mnielewe huko mbele. Daftari la mahudhurio alikuwa anakaa nalo yeye. Asubuhi ukifika unasaini saa ya kuingia, halafu anakwambia, "Saini na ya kutoka kabisa, tusisumbuane." Unaandika 9:30. Yeye naye anaandika 9:30. Daftari linaingia kwenye droo, droo inafungwa kwa ufunguo, na ikifika saa saba na nusu mchana Mama yuko njiani kwenda Itaka.

Kwa hiyo kwa mujibu wa daftari, sisi wawili ndio watumishi waaminifu kuliko wote mkoa wa Songwe. Kila siku tunatoka dakika ile ile.

Jioni zikaanza. Na niseme ukweli, zilikuwa nzuri.

Walikuja madereva wa malori waliokwama foleni ya mpakani, wanasoma magazeti ya wiki iliyopita hadi matangazo ya tenda. Walikuja manesi wanaojiendeleza. Na alikuja mama mmoja ambaye ndiye kiini cha huu uzi, nitamwita Nakawala.

Nakawala ni Mnamwanga wa Ndalambo. Anauza maharage karibu na mpaka, wateja wake wengi Wazambia, basi hata akiingia maktaba anakusalimia "Mulishani" kwa mazoea, halafu anacheka, anarudia kwa Kiswahili. Mimi ananiita mwalimu. Nilishamwambia mimi si mwalimu, hakusikia.

Ana watoto watatu. Aliacha shule kidato cha pili. Mwaka ule alikuwa amejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa sababu alitaka kusoma kozi ya forodha. Alisema amechoka kuona vijana wadogo wanajaza makaratasi ya mizigo yake na kumwambia "mama saini hapa" bila yeye kujua anasaini nini.

Banda lake anafunga saa kumi. Saa kumi na robo yuko mezani kwangu. Anaandika jina kwenye daftari la wasomaji, saa ya kuingia, na jioni saa ya kutoka, mwandiko mkubwa uliosimama wima.

Miezi mitatu ikapita. Mshahara ulikuja vile vile kama ulivyokuwa unakuja siku zote. Nikaandika madai yangu vizuri, nikaomba ruhusa, nikaenda Vwawa.

Afisa utumishi, nitamwita Bwana Silwimba, ni mtu mstaarabu sana. Alinikaribisha kiti. Alinisifu. Akanionyesha hadi ripoti ya robo mwaka waliyopeleka juu, imeandikwa kwamba huduma za maktaba zimeongezwa hadi saa moja jioni kwa mafanikio makubwa.

Nikasema afadhali.

Akafungua jalada langu. "Form ya kibali cha kazi za ziada iko wapi?"

"Kibali gani, mkuu? Si nyie mlioandika barua?"

"Barua ni maelekezo. Kibali ni kibali. Extra duty inaombwa kabla ya kazi, inaidhinishwa kwa maandishi, ndipo unafanya. Wewe umefanya kwanza."

"Basi niidhinishiwe sasa."

"Nikuidhinishie kazi iliyokwisha kufanyika?" Alinitazama kwa huruma kabisa. Kisha akatoa nakala ya daftari la mahudhurio. "Halafu ona. Siku zote umesaini kutoka saa tisa na nusu. Hii si saini yako?"

"Ni yangu."

"Kwa hiyo baada ya saa tisa na nusu ulikuwa nani pale?"

Nikaitazama tena ile saini yangu.

Yeye ndiye aliyenisaidia kujibu. "Labda ulikuwa msomaji," akasema. Na hakuwa anatania.

Wakuu, nilirudi Tunduma kichwa kinachemka. Kesho yake asubuhi nikatafuta kitabu cha kanuni za utumishi. Kilikuwepo kwenye rafu yetu wenyewe, miaka na miaka, karatasi ya kuazimia haina muhuri hata mmoja. Bwana Silwimba alikuwa sahihi: kibali kwanza, kazi baadaye. Kitu nilichokuwa nakifuta vumbi kila Ijumaa ndicho kilichokuwa na jibu langu.

Basi nikaamua kufuata kanuni.

Ilipofika saa tisa na nusu nikatoka nyuma ya kaunta, nikazunguka, nikaandika jina langu kwenye daftari la wasomaji, nikavuta kiti karibu na dirisha nikakaa. Msomaji.

Watu wakaja kaunta hakuna mtu. Dereva mmoja akaniuliza gazeti la jana liko wapi, nikamwambia mimi pia ni mgeni hapa. Nesi akataka kitabu cha akiba, vile vinavyofungiwa kabatini. Nikainua mabega.

Siku ya kwanza nilijisikia shujaa. Siku ya pili bado. Siku ya tatu Nakawala akaja akasimama mbele yangu, vumbi la maharage bado liko kwenye kitenge.

"Mwalimu, nimekukosea?"

"Hapana, dada. Hili ni jambo la ofisi."

"Vitabu vyangu vya majibu viko kabatini siku ya tatu hii."

"Najua. Ila kwa sasa mimi siko kazini."

Akaniangalia, akaangalia kaunta tupu, akaniangalia tena. "Waliokukosea wako hapa ndani?"

"Wako Vwawa."

"Sasa mbona umenigomea mimi?"

Hakupaza sauti. Alikwenda akakaa meza ya nyuma na daftari lake tu, akaanza kukokotoa hesabu zile zile za juzi.

Mnajua nilichofanya. Nilivumilia kama dakika kumi, nikaenda kufungua kabati. Dereva wa gazeti akasema, "Kumbe mwenyeji!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kwa aibu.

Kesho yake nikamwomba Mama Nzunda kitu kimoja tu, wala si hela. Daftari la mahudhurio liachwe kaunta hadi jioni, nisaini saa ninayotoka kweli.

Akakataa. Mpole wangu yule akawa mkali ghafla. "Daftari ni nyaraka ya ofisi, haliachwi achwi."

Hapo ndipo nilipoelewa, nilichelewa sana. Daftari likibaki wazi, litaonyesha mimi natoka saa moja jioni, na litaonyesha pia yeye anatoka saa saba na nusu mchana. Nikaendelea na kazi, jioni zote, bure.

Baada ya wiki kama mbili ikaja barua nyingine kutoka Vwawa. Nilifungua nikidhani wamenihurumia.

Ilikuwa barua ya kujieleza.

Matumizi ya umeme ya maktaba yamepanda. Mahudhurio yanaonyesha watumishi hutoka saa tisa na nusu. Taarifa zilizopo (nadhani ni yale madai yangu mwenyewe!) zinaonyesha mtumishi tajwa hubaki ndani ya jengo. Kwa hiyo mtumishi tajwa ajieleze ndani ya siku saba: alikuwa anafanya nini ndani ya jengo la serikali, akitumia umeme wa serikali, nje ya saa za kazi?

Nilikaa chini wakuu. Ofisi ile ile. Saini ile ile ya Bwana Silwimba.

Usingizi ulikata siku mbili. Hapo si extra duty tena, hapo ni ajira. Mke wangu akaniuliza kama nitafukuzwa, nikamwambia haiwezekani, kwa sauti ambayo hata mimi sikuiamini.

Aliyeniokoa ni Nakawala, na wala hakujua. Siku ya tatu nilikuwa naangalia anavyoandika saa yake ya kutoka, nikashtuka. Daftari la wasomaji! Kila siku, watu kumi, kumi na tano, saa walizoingia, saa walizotoka, na chini ya kila ukurasa saini yangu ya kufunga. Hakuna msomaji anayejifungulia maktaba mwenyewe.

Nikatoa nakala zote, nikaandika maelezo ya ukurasa mmoja: nilikuwa nahudumia wasomaji hawa, kwa maelekezo ya barua yenu, na ripoti yenu ya robo mwaka inasema hivyo hivyo. Basi.

Kabla sijapeleka, Mama Nzunda aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Umeniandika?"

"Sijakuandika, mama. Nimeandika saa zangu tu."

Akavuta kiti akakaa. Halafu akasema maneno ambayo hadi leo yananizunguka.

"Kabla hujaja, nilifanya kazi jioni na Jumamosi miaka mingi, nilikuwa peke yangu. Nilidai nikaambiwa kibali. Nikaleta kibali, wakasema bajeti. Nikachoka kudai, mwanangu. Nikaanza kujilipa mwenyewe, kwa saa."

Wakuu, nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Ikashindikana. Alikuwa anajilipa kweli, tatizo ni kwamba alikuwa anajilipa kwa saa zangu. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa heshima. Kuanzia siku ile daftari likawa linakaa kaunta, na Mama akawa anatoka saa tisa na nusu, miguu yake na yote.

Vwawa wakajibu: maelezo yamekubaliwa, imethibitika mtumishi alikuwa kazini. Nikaichukua barua hiyo hiyo, nikaibandika juu ya madai yangu ya zamani, nikarudisha. Wamethibitisha wenyewe nilikuwa kazini, sasa waseme kazini kwa nani.

Nikalipwa. Si yote, mwezi mmoja kati ya niliyodai, mingine "itazingatiwa". Nilinunua soda za watu nyumbani, nikajisikia mwanaume.

Pamoja na malipo ikaja barua. Ili kudhibiti gharama za saa za ziada, kuanzia sasa maktaba itafungwa saa tisa na nusu alasiri.

Niliibandika mlangoni kwa mikono yangu. Jioni Nakawala akafika saa kumi na robo, akaisoma taratibu hadi mwisho. Mimi nilikuwa nje namsubiri, kufuli nimeshalifunga.

"Kwa hiyo wamekulipa?"

"Wamenilipa."

"Hongera, mwalimu," akasema, na alimaanisha. Akageuka akaondoka na mfuko wake wa vitabu. Ilikuwa imebaki miezi miwili afanye mtihani.

Sikuweza kuendelea kumfungulia kienyeji, maana sasa ningekuwa kweli nimo ndani ya jengo bila ruhusa. Nilichoweza ni kumwazima vitabu kwa jina langu. Wale manesi na Nakawala wakaandika barua ya kuomba jioni zirudi, wakakusanya saini, madereva nao wakasaini, wawili ni Wazambia kabisa. Mama Nzunda akaipeleka Vwawa mwenyewe. Safari hii akaambatanisha form ya kibali, imejazwa KABLA.

Ilichukua muda. Sasa tunafungua jioni Jumanne na Alhamisi, zamu tunagawana, na kibali kipo kwenye jalada. Ila kilipotoka, mtihani ulikuwa umeshapita.

Nakawala alifaulu masomo kadhaa. Hesabu akafeli. Kozi ya forodha wanataka hesabu. Amejiandikisha tena, na sijawahi kumsikia akilalamika, jambo ambalo linaniumiza kuliko kama angelalamika.

Nilichojifunza: mtumishi mwenzangu, ukiambiwa ubaki baada ya saa za kazi, omba kibali cha maandishi kwanza, na saini saa unayotoka kweli, hata kama bosi ni mama yako wa ubatizo. Na ukigoma, angalia vizuri nani amekaa upande ule mgomo wako unakoangukia. Mimi nililijua hilo kwa kuulizwa na muuza maharage.

Mlioko utumishi njooni mnirekebishe kama kanuni nimeielewa vibaya. Na wale mnaobaki maofisini hadi giza mkisubiri kuzingatiwa, semeni mko mwezi wa ngapi.

Matusi hapana, leo ni Alhamisi na niko kaunta, wasomaji wataona nacheka peke yangu.